Theluji ya Mwikwabe

Nimefundisha Kiingereza miaka kumi na minne, na katika miaka hiyo yote sijawahi kuwa sahihi kama nilivyokuwa Jumamosi ile pale Isebania, katika chumba cha gemu cha Mwikwabe. Nilikuwa sahihi kwa kila neno na kila nukta. Ningejisahihisha mwenyewe kwa kalamu yangu nyekundu, ningejipa alama zote. Na kwa sababu ya usahihi huo, mtu mmoja amempoteza dada yake mara ya pili. Naandika haya nikiwa na hasira, na msomaji asihangaike kutafuta ninamkasirikia nani. Ninajikasirikia mimi.

Mwikwabe ni Mkuria wa huku huku mpakani, mtu wa miaka ishirini na tisa, mrefu, bega moja limeshuka kwa kubeba magunia. Aliacha shule kidato cha pili. Baadaye akasukuma mkokoteni, akileta mahindi ya watu kutoka Sirare, ng'ambo ya mpaka, na kurudisha sabuni za watu kutoka Isebania, hadi akaweza kununua televisheni na mashine ya gemu. Alipanga chumba nyuma ya duka la vitambaa la Abdinasir, akaweka mabenchi yaliyotupwa na kanisa fulani, akaandika ukutani kwa rangi: MTU WA YUNIFOMU HAINGII. Vijana walikuja kucheza gemu za mpira, mechi baada ya mechi, na kelele zao zilifika mpaka kwa wabadilisha pesa barabarani.

Mimi nilimjua kwa ugomvi. Niliambiwa wanafunzi wangu wanatoroka masomo kwenda kwake, nikaenda nimefura, nikamtukana mbele ya wateja wake kabla hata sijasoma ukuta. Alinisikiliza mpaka nikamaliza. Kisha akanionyesha maandishi, akanionyesha na chumba kingine cha gemu ng'ambo ya barabara, na kweli, wanafunzi wangu walikuwa huko. Niliporudi kuomba radhi alikuwa ameagiza chai mbili. Urafiki wetu ulianza hivyo, mimi nikiwa nimekosea na yeye akinimiminia chai. Mtu mwenye akili angejifunza kitu siku hiyo.

Kwetu ni Mbita. Mke wangu amebaki huko, nami nimepanga chumba Isebania kwa ajili ya kazi, kwa hiyo jioni zangu hazikuwa na mwenyewe. Nilizoea kupita kwa Mwikwabe. Na kila nikipita, alinipigia debe gemu zake. Si za mpira. Hizo alizidharau kuliko nilivyozidharau mimi.

"Mpira ni wa kulipa nyumba," aliniambia. "Lakini kuna gemu za stori, mwalimu. Kuna moja ya mzee wa mnara. Kila jioni unawasha taa, na kila jioni mzee anasahau chumba kimoja. Mlango unapotea kabisa, ukutani hauupati tena. Mwisho amebaki na chumba kimoja, na ndani kuna kiti cha mke wake, na hajui ni kiti cha nani. Mimi nilizima mashine nikaenda kukaa nje."

"Wewe ulikaa nje kwa sababu ya katuni?"

"Jaribu hiyo moja tu."

"Omera, ndugu yangu, mimi nimesoma vitabu," nilimwambia. "Mtu aliyekula samaki mzima haitwi kuja kulamba mifupa."

Nilijiona nimesema jambo la maana sana. Yeye alicheka tu, hakuchoka. Juma lililofuata alinipendekezea ya mama aliyekuwa akihamisha vitu vyake nyumba ikifurika, na mchezaji ndiye anayechagua kipi kiachwe kichukuliwe na maji, picha ya harusi au godoro la mtoto. Nikamwambia mafuriko tunayo bure kule Nyatike. Akaniambia maneno ambayo sasa nayakumbuka zaidi kuliko ninavyopenda.

"Kitabu kinakuambia mtu fulani alifungua mlango. Sawa. Wewe umekaa kwa kiti chako, hauna makosa. Gemu inakuwekea mlango mbele, inakuambia fungua. Sasa ukifungua ukute kitu kibaya ndani, ni nani amefungua?"

"Ni kidole," nikamjibu. "Na kidole hakina dhamiri."

"Haya. Siku moja kidole kitakufunza."

Alikuwa na dada. Aliniambia siku tuliyokuwa tumesimama kwenye kituta tukitazama ng'ambo, mahali mabati ya soko la Sirare yalipokuwa yaking'aa. Kutoka kwake hadi sokoni pale hata muwa mmoja huumalizi kuutafuna.

"Dada yangu anauza mchele pale. Robi."

"Mbona sijawahi kumwona akija?"

"Hatuongei. Miaka tisa."

"Kwa nini?"

"Mambo ya ng'ombe," akasema, akageuka.

Sikuuliza zaidi. Nilijua kidogo desturi yao: kila mvulana ana dada yake anayehesabiwa naye, na ng'ombe wanaoletwa dada akiolewa ndio kaka atakaowatoa kuoa. Nilijua pia kwamba Mwikwabe hakuwa na mke, na kwamba watu walimtania kwa hilo, wakimwuliza kama anangoja kuoa televisheni. Ningeweza kujumlisha mbili na mbili. Lakini mimi ni mwalimu wa Kiingereza, si wa hesabu, na huo ndio utani wangu wa mwisho katika habari hii.

Ile gemu ya theluji ndiyo iliyomfanya ajulikane mpaka ng'ambo. Wateja waliipa jina hilo wenyewe, maana jina lake la kwenye kasha hakuna aliyejali kulisoma. Kila Jumamosi saa nane mchana Mwikwabe alizima mpira kwenye televisheni kubwa, akashika padi, kile kidude cha vitufe, kwa mikono miwili, akafunga kipaza sauti kidogo shingoni, akaanza kucheza huku akisimulia kwa Kiswahili. Gemu yenyewe ilizungumza Kiingereza cha puani, na chini ya kioo maandishi ya Kiingereza yakapita. Wakuria, Wajaluo, watu wa Sirare, Wasomali wa madukani, wote walisikia Kiswahili cha Mwikwabe tu. Kwenye kumbi za sinema watu wa kutafsiri hivyo wako wengi. Lakini wale hupiga kelele na mizaha. Mwikwabe hakufanya mzaha hata mmoja. Theluji yenyewe, ambayo hakuna aliyewahi kuiona, aliieleza mara moja tu: ni kama unga wa muhogo umemwagika dunia nzima, halafu ni baridi. Watu wakaelewa.

Hadithi aliyoisimulia ilikuwa ya kaka anayemtafuta dada yake. Alimkosea zamani, dada akatoroka, na sasa kaka anavuka nchi nzima ya theluji na farasi mgonjwa ili amwombe msamaha, na kila anakofika anakuta dada ameondoka jana. Wanawake wa sokoni walianza kuja. Walisimama mlangoni na vikapu vyao, wakasahau biashara. Jumatatu habari zilikuwa Sirare: kaka amefika wapi, farasi amekufa au bado.

"Njoo Jumamosi moja tu," Mwikwabe aliniambia. "Ukikaa na usishikwe, sitakusumbua tena maisha."

Nilikwenda ili asinisumbue tena. Abdinasir, mwenye nyumba, mzee mpole wa ndevu zilizotiwa hina, alinisogezea nafasi kwenye benchi.

"Kaa hapa, mwalimu, na usikohoe," akasema. "Hapa mtu akikohoa anatolewa."

Dakika kumi za kwanza nilishikwa. Lazima nikiri. Sauti ya Mwikwabe ilikuwa ya chini, ya mtu anayeongea na mgonjwa, na yule mtu wa kwenye kioo alipopiga magoti kumnywesha farasi maji kwa kiganja chake, nilijikuta nimesogea ukingoni mwa benchi. Kisha jicho likashuka kwenye maandishi ya chini.

Mimi nina ugonjwa. Palipo na maandishi nitayasoma, hata yakiwa kwenye mfuko wa chumvi. Mwikwabe alikuwa akisema, "Nimevuka mito tisa, na bado sijajua nitamwambia nini." Maandishi yalikuwa yakisema, nimevuka mito mitatu, na bado sijalipwa. Nikafuta macho, nikasoma tena mstari uliofuata. Yule mtu hakuwa kaka wa mtu yeyote. Alikuwa mwindaji wa watu, amekodiwa na mzee tajiri amrudishe msichana aliyetoroka kuolewa naye. Kila neno la msamaha lilikuwa limepachikwa na Mwikwabe.

Ndugu msomaji, unajua nilifanya nini? Nilifurahi. Nilitoa daftari na kalamu nyekundu, na nikaanza kuandika makosa. *Mitatu, si tisa. Si dada. Si kuomba radhi, bali kudai ujira.* Nilijiambia maskini, kidato cha pili, atajuaje. Mwaka mzima amenitesa na sifa za hadithi, kumbe hadithi yenyewe haielewi.

Tulipotoka alinishika mkono.

"Umeonaje?"

"Nitakuambia ukimaliza," nikasema, nikitabasamu.

Uso wake ulifunguka. Alidhani ameniweza. Alimwita Abdinasir kutoka dukani: "Si nilikuambia? Mwalimu ameshikwa!" Furaha ile ndiyo inayoniamsha siku hizi, kuliko yote yaliyofuata.

Jumamosi ya pili nilikwenda tena, nikajaza kurasa. Watu walidhani naandika kwa mapenzi.

Ijumaa ya wiki iliyofuata alikuja kwangu jioni mapema, akasimama mlangoni bila kuketi.

"Kesho usikose, mwalimu. Kesho naingia kwa nyumba."

"Nyumba gani?"

"Ile ya kando ya mto, msichana amejificha. Nimesevu hapo mlangoni. Tangu Jumatatu naiwasha, naangalia ule mlango, nazima. Nimeambiwa kuna mtu atakuja."

"Mtu gani?"

"Mtu." Akasugua bega lake. "Wewe kaa mbele. Nikikuona nitapata nguvu."

Nilisikia maneno hayo kwa masikio haya haya. Nikayachukulia kuwa majivuno ya msanii.

Jumamosi hiyo alikuwa amepiga shati pasi. Chumba kilijaa mpaka wengine wakachungulia dirishani. Mimi nilikaa mbele kama alivyoomba, daftari gotini. Nilipogeuka mara moja kutazama umati, nilimwona mwanamke kijana amesimama nyuma kabisa karibu na mlango, kitenge cha kijani, kikapu kitupu mkononi, hajaegemea ukuta. Nilimwona kama unavyoona watu sokoni. Alikuwa Robi. Alikuwa amevuka mpaka kwa mara ya kwanza katika miaka tisa, kwa sababu wanawake wenzake walimwambia kuna mtu Isebania anamtafuta dada yake kila Jumamosi mbele ya watu.

Kwenye kioo yule mtu alisukuma mlango. Msichana alikuwa kwenye kona, amejikunyata kando ya moto uliozimika. Akainua uso. Yule mtu akafungua mdomo, na chini maandishi yakatokea. Mwikwabe akabonyeza kitufe, picha ikaganda. Akaweka padi kwenye magoti.

"Kaka akamwona dada yake," akasema kwenye kipaza sauti. "Akapiga magoti pale chini. Akamwambia..."

Akanyamaza.

Alitazama nyuma ya chumba. Midomo yake ilisogea, sauti haikutoka. Hakuna aliyekohoa. Ilikaa hivyo kwa muda mrefu kuliko inavyostahili, nami nikaona mtu aliyekwama. Nimeona wanafunzi elfu wakikwama hivyo, wamesimama mbele ya darasa na jibu limewatoka. Na mwanafunzi akikwama, mwalimu hufanya nini? Humpa jibu.

Nikasimama.

"Hivyo sivyo ilivyoandikwa," nikasema, kwa sauti ya darasani. "Hapo hakuna dada, na huyo si kaka. Ni mwindaji. Mzee mmoja amemkodi amrudishe huyo msichana kwenye ndoa aliyoitoroka. Na anachomwambia hapo ni hiki, mnaweza kusoma wenyewe: Simama twende. Wananilipa zaidi ukiwa hai."

Kuna mtu alicheka. Nikapata moyo. Nikafungua daftari.

"Hata ile mito haikuwa tisa. Ilikuwa mitatu."

Sasa wakacheka wengi, wale vijana wa mpira hasa, waliokuwa wakinung'unika kila Jumamosi kwamba wamenyang'anywa televisheni kubwa. "Kumbe tunadanganywa!" mmoja akapiga kelele. Abdinasir alinivuta shati. "Mwalimu, keti. Keti, wallahi." Sikuketi mpaka nilipoona kwamba Mwikwabe hanitazami mimi. Alikuwa akitazama juu ya kichwa changu, kule mlangoni.

Yule mwanamke wa kitenge cha kijani alikuwa akitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeuliza bei na akaambiwa ile aliyoitarajia.

"Kumbe," akasema.

Neno hilo tu. Akahamishia kikapu mkono mwingine, akatoka.

"Robi!" Mwikwabe akaita. Bado alikuwa na kipaza sauti shingoni, na jina lile likatoka kwenye spika kwa nguvu, likatupiga sote. Alijaribu kupita katikati ya mabenchi, waya ukamrudisha, mashine ikaanguka. Alipofika barabarani, malori yalikuwa yamesimama mstari mrefu na hakumwona tena.

Ulimi hauna mfupa, lakini nilitamani siku hiyo mtu auvunje wangu.

Watu walipoisha nilibaki nimesimama na daftari. Aliingia akaokota mashine, akaipangusa vumbi kwa shati lile lililopigwa pasi. Nilimngoja anipige. Ningeshukuru.

"Sikujua ndiye," nikasema.

"Ulifikiri siwezi kusoma?" aliniuliza. Hakuinua sauti. "Shule niliacha, mwalimu. Kiingereza sikuacha. Nilimaliza hiyo gemu mwaka juzi, mwanzo mpaka mwisho. Nilijua ni mwindaji."

"Sasa kwa nini..."

"Mwindaji ni mimi."

Akaketi kwenye benchi la kanisa, akanieleza, nami sikupata pa kutazama. Robi alikuwa na miaka kumi na sita mzee mmoja wa ng'ambo alipoleta posa. Alitoroka, akajificha Lambwe kwa mama mdogo aliyeolewa huko. Baba akamwambia Mwikwabe: ng'ombe hao ni wako, utaoa nao, nenda ukamlete dada yako. Alikuwa na miaka ishirini. Alikwenda Lambwe, akafika asubuhi, akamkuta dada yake kwenye kona ya jikoni, na Robi alipomwona alifurahi, alidhani kaka amekuja kumwambia asiogope.

"Nilimwambia simama twende," akasema Mwikwabe. "Vile vile. Siku nilipofika hapo kwa gemu, nikaona hayo maneno yameandikwa, nilidhani kuna mtu ananijua. Sikulala. Nikasema nitaicheza tena, lakini safari hii nitamgeuza. Nitamfanya kaka. Atembee theluji yote, na akifika pale atasema kile sikusema."

"Na ng'ombe?"

"Sikuwagusa. Walikaa kwa boma mpaka baba akawamaliza. Mtu ataoaje na hao?" Akakunja waya wa kipaza sauti taratibu. "Kwenda kwake nilishindwa. Kila nikifika kwa kizuizi cha mpaka miguu inakataa. Lakini hapa, nikiwa na padi mkononi, nilikuwa naweza. Nilikuwa nimebakisha neno moja, mwalimu."

Majuto ni mjukuu, watu husema, huja baadaye. Yangu hayakungoja. Yalinikalia hapo hapo kwenye benchi.

Hakusimulia tena. Gemu ya theluji aliitoa kwenye rafu. Jumamosi zilirudi kuwa za mpira, na wale vijana walimshukuru. Mimi aliendelea kunisalimia. Chai aliagiza, nusu yake akaiacha, na hakunipendekezea gemu nyingine yoyote. Kimya hicho kilinishinda. Nilikaa nacho wiki tatu, kisha nikaamua kwamba mimi niliyeharibu ndiye nitakayetengeneza. Walimu tuna imani hiyo, kwamba hakuna kosa lisiloweza kusahihishwa.

Nilivuka asubuhi ya Jumapili. Robi alikuwa amekaa nyuma ya magunia mawili ya mchele, na kopo la kupimia.

"Shikamoo, mwalimu," akasema kabla sijafungua mdomo. Alinijua.

"Marahaba," nikajibu nimechelewa. Huku kwetu hatujaizoea.

"Wewe ndiye uliyesoma."

"Ndiyo. Na nimekuja kukuambia kwamba nilikosea."

"Maandishi hayakuwa yanasema hivyo?"

"Yalikuwa yanasema hivyo."

"Basi hukukosea," akasema. "Nipime kilo ngapi?"

Nikamwambia mbili, ili nipate sababu ya kusimama. Na alipokuwa akipima nikaanza kumweleza. Nilieleza vizuri, nasikia aibu kusema hivyo. Nilimwambia gemu ile ni hadithi kubwa, kwamba mimi niliidharau mwaka mzima na sasa ninamsihi yeye akaitazame, mara moja tu, akae mbele, hakuna atakayesimama. Nilimwambia ndugu yake hakudanganya kwa kutojua, alibadilisha kwa makusudi. Nilimwambia kuhusu ng'ombe ambao hawakuguswa, kuhusu kizuizi na miguu inayokataa, kuhusu mito tisa ambayo ni miaka tisa. Alisikiliza. Kopo lilikuwa limesimama juu ya gunia, na nikaona jicho lake limeanza kulainika.

"Pale aliponyamaza," nikasema, "alikuwa hajakwama. Alikuwa anakaribia kukuambia."

"Kuniambia nini?"

Na mimi nikiulizwa swali, najibu.

"Nisamehe," nikasema. "Alitaka kusema, Robi, nisamehe."

Mkono wake ulizama ndani ya mchele, ukabaki humo. Aliinamia gunia. Alipoinua uso jicho lile lililoanza kulainika lilikuwa limekauka.

"Hilo neno nimelingoja miaka tisa," akasema. "Usiku ule wa kwanza nililingoja. Nilipojifungua nililingoja, nikasema atakuja kumwona mtoto, atalisema. Nililifuata mpaka kwenye kile chumba chenu, nikasimama na wanaume wanaopiga kelele. Sikutaka hadithi, mwalimu. Nilitaka neno hilo moja, nilitaka litoke mdomoni mwake. Na sasa nimelisikia mdomoni mwako. Hata akija kesho akipiga magoti hapa, nitakuwa nasikia sauti yako." Akafunga mfuko wa kaki, akanipa. "Asije."

"Robi, mimi nilitaka tu..."

"Mwambie asije. Na wewe usinimalizie maneno ya watu tena."

Nililipa. Nikavuka kurudi, mchele ukiwa mzito kuliko kilo mbili.

Mwikwabe alikuwa amesimama nje ya chumba chake, amekunja mikono. Isebania ni ndogo, na mtu akivuka kizuizi asubuhi ya Jumapili anaonekana. Alitazama mfuko. Mifuko ya aina ile ni ya soko la Sirare.

"Umefika kwake."

"Nimefika."

"Umemwambia nini?"

"Nimemwambia nilikosea mimi. Basi."

"Na yeye amesema nini?"

Maisha yangu yote nimewaambia watoto wa watu kwamba kutafsiri ni uaminifu, kwamba ukiongeza neno lako umeiba na ukipunguza umeiba. Nilimtazama yule mtu na bega lake lililoshuka. Alikuwa amevaa tena lile shati la pasi.

"Amesema anafikiria," nikamwambia. "Amesema umpe muda. Amesema labda... labda siku moja."

Alinitazama usoni polepole, kutoka kushoto kwenda kulia, kisha akashuka mstari wa chini, akaenda tena kushoto kwenda kulia. Ndani, vijana walishangilia bao.

"Hivyo sivyo ilivyoandikwa, mwalimu," akasema, akaingia kuwabadilishia mechi.